Samaki Niliowaita Wazee

Nyinyi mnaobaki na kazi hii mliniomba niandike habari za miaka yangu ya kutunza matangi ya samaki wa baharini katika nyumba za Mji Mkongwe, na naona mlitarajia mambo ya kuchekesha. Yapo, na machache nitayasema. Lakini miezi miwili kabla sijaweka wavu chini na kustaafu niligundua jambo ambalo mpaka leo likinijia nikiwa jikoni, mwiko huniponyoka. Kwa hiyo nitaanza na siku ya kwanza, nije taratibu, mpate kuona jinsi mtu mwenye akili zake timamu anavyoweza kukosea miaka ishirini na minane mfululizo, na watu wakawa wanamsifu.

Mimi ni mtu wa Uroa. Kwetu samaki huparwa magamba akatiwa chunguni, na nilipoambiwa kuwa mjini kuna watu wanaomweka samaki ndani ya kioo wamtazame tu, wala wasimle, nilidhani nafanyiwa mzaha. Aliyenipa kazi ni Mzee Faki, fundi wa vioo wa Mkunazini, Mungu amrehemu. Alikuwa akitengeneza matangi na kuyauza, kisha akaona wanunuzi wanaua samaki kila wiki, roho ikamuuma, akaamua kuyapitia mwenyewe nyumba kwa nyumba. Alitafuta msaidizi mwanamke kwa sababu moja: mwanamume huishia barazani, na tangi liko ndani.

Siku ya kwanza alinituma Bwejuu na madumu sita kuchota maji. Alinieleza nisubiri maji yajae na yatulie, nisichote yakiwa yanakupwa, maana huwa yamebeba mchanga na uchafu wa pwani. Nikayafuata yote. Ila kwa kutaka kuonekana mtu safi, niliyaosha madumu yale kwa sabuni kabla ya kuchota. Niliporudi, Mzee Faki alifungua dumu la kwanza, akainama, akanusa, akamwaga yote mtaroni mbele ya majirani. Akafungua la pili, akanusa, akamwaga. Madumu sita, safari nzima.

"Sabuni ni ya nguo, Mwanakombo," akasema. "Wewe unavuta pumzi, samaki anavuta maji. Kilichomo majini kimo ndani yake. Kwanza nusa, halafu ndo utazame."

Nililia njia nzima kurudi kwangu, lakini nikajifunza kunusa. Kwa miaka yote hiyo sikuingia nyumba bila ya kuinamia tangi na kuvuta pumzi. Nimewahi kugundua mafuta ya taa, dawa ya mbu, na mara moja supu ya pweza ambayo mtoto wa nyumba aliwamiminia samaki kwa huruma. Watu walisema pua yangu ni ya paka. Niliamini.

Sheria ya pili ilikuwa ya pampu, na hii nawaomba muisome taratibu. Pampu ndogo inayopuliza hewa ndani ya tangi hukaa juu ya usawa wa maji, isikae chini hata kidogo. Umeme ukikatika, na umeme wetu mnaujua, maji hupanda ndani ya mpira mwembamba wa kupitishia hewa, yakaifuata pampu iliyo chini, yakaiua, kisha yakaendelea kumwagika mpaka zulia la mwenye nyumba likaoga. Nyumba za mjini zina kuta nene zenye vidaka, vile vishubaka vya ukutani vya kuwekea taa na vyombo vya kaure. Basi tangi tulilisogeza chini ya kidaka na pampu tukaipandisha kidakani. Nimezipandisha kwa mikono yangu katika nyumba zaidi ya sitini, na nilijivunia kwamba hakuna zulia lililowahi kuoga.

Sheria ya tatu ilikuwa chupa ndogo ya mafuta ya karafuu. Mnajua hutuliza jino. Matone machache yakikorogwa na maji ya uvuguvugu humlaza samaki usingizi, ukaweza kumtibu jeraha bila ya kuhangaika. Matone yakizidi, haamki. Mzee Faki alinifundisha kuyatumia kwa samaki aliyechoka, ili asiteseke siku nyingi. Sisi tuliita kumlaza. Na alinifundisha dalili za uzee: rangi kufifia, kula kwa kuchagua, kukaa juu ya maji huku mashavu yakienda mbio. "Hawa wadogo wa rangi ya chungwa, wenye mikanda myeupe," alisema, "miaka mitatu minne ndani ya kioo inawatosha." Sikumuuliza nani alihesabu. Mwanafunzi mzuri wa zama zetu alikuwa yule asiyeuliza, nami nilikuwa mwanafunzi mzuri sana.

Sasa niwaambie habari za nyumba mbili.

Ya kwanza ni ya Bi Raya, wa Vuga, mjane mwenye pumu. Alinunua samaki mmoja wa chungwa mwaka ambao nilikuwa bado nafunzwa kufunga wavu. Miaka ikapita, samaki yule akawa yupo. Akapita mitatu, akapita minne, akapita kumi. Nilipokuwa nikihadithia watu, nilisema Bi Raya ana mkono wa baraka. Pia nilimsifu kwa usafi, kwa sababu kile kipande cha pamba kilicho chini ya pampu, kinachochuja hewa inayoingia, kwake kilikuwa karibu cheupe kila nilipokibadilisha. Kwa wengine wote kilikuwa cheusi tititi, na nikisema moyoni, vumbi la mji huu jamani.

Ya pili ni ya Bi Zuhura, wa Kiponda, mshonaji wa kofia za mkono. Hakujaaliwa watoto. Tangi lake liliwekwa pale anapokaa kushona, na alizungumza na samaki wake kutwa, akimwita Bwana Mkubwa. Wa kwanza alipofika miaka mitatu alianza kufifia na kuhema. Nikamwinamia, nikanusa maji, maji safi. Nikasema, "Uzee, Bi Zuhura." Akasema kila nafsi itaonja mauti, nikamlaza. Wa pili akawa hivyo hivyo. Naye akiitwa Bwana Mkubwa. Bi Zuhura hakuona haja ya kutafuta jina jengine.

Wa tatu alinipa tabu. Nilipomtia bakulini na matone yakaanza kufanya kazi, aliruka. Alitoka nje ya bakuli, akaangukia mkeka, akawa anapiga mkia kwenye uzi wa kofia. Bi Zuhura aliweka mkono mdomoni. Nami nilimwokota, nikamrudisha bakulini, nikaongeza matone, nikasema kwa sauti ya mtu anayejua kazi yake, "Wazee wengine hukataa." Maneno hayo niliyatamka mimi, na hakuna wa kunisingizia.

Kisha miaka ikaenda na umri wangu ukaniambia basi. Akaja Salha kushika nafasi yangu. Salha mnamjua: amesomea mambo ya bahari chuoni, ana sauti ndogo na maswali makubwa. Jumatatu moja nilikuwa namkabidhi daftari langu la samaki. Kila nyumba ina ukurasa wake: samaki gani, alikuja lini, alikufa lini, kwa nini. Nilikuwa nimemimina chai, nasubiri sifa.

"Bi Mwanakombo."

"Naam."

"Hapa pameandikwa uzee. Na hapa uzee. Na hapa. Huyu alikuwa na miaka mitatu, huyu mitatu na nusu, huyu minne."

"Ndo umri wao, mwanangu."

Akafungua ukurasa wa Bi Raya, akauweka mbele yangu. "Na huyu ana ishirini na sita, bado yu hai. Ni samaki wa aina nyengine?"

Nilitaka kusema ni baraka. Nikausoma tena ukurasa ule nilioujaza kwa mkono wangu. Walikuwa samaki wale wale. Walitoka bahari moja, wengine kwa mvuvi mmoja, maji yao mamoja, chakula chao kimoja, nami ni mimi. Ni kama kuambiwa kwamba mtaa mzima watu wanazeeka wakiwa na miaka kumi, isipokuwa bibi mmoja, na hakuna aliyeshangaa.

"Samaki huyu anaweza kuishi miaka ishirini na zaidi akitunzwa," akasema Salha polepole. "Mimi nilijua Bi unajua."

Chai ilinimwagikia mapajani, na sikuhisi moto wake mpaka nilipoinuka.

Kesho yake tulikwenda kwa Bi Raya. Tulipima chumvi, tulipima joto, tulitazama mchanga, tukafungua pampu. Pamba nyeupe. Bi Raya alitushangaa tunavyotambaa sakafuni mwake, akacheka mpaka kifua kikaanza kumpiga filimbi. "Msinchekeshe," akasema, "kifua hiki hakitaki vumbi, hakitaki moshi, hata udi mwaka wa thelathini huu sijauwasha ndani." Nilisikia maneno yale kwa masikio yangu mawili, nikamwambia pole, nikaendelea kutazama mchanga.

Alhamisi tulikuwa na ahadi kwa Bi Zuhura. Bwana Mkubwa wa nne, umri wake miaka mitatu, alikuwa na wiki ya pili hali chakula, yuko juu ya maji anahema. Bi Zuhura mwenyewe alichagua siku na saa, baada ya alasiri, samaki wake alazwe kabla ya usiku wa Ijumaa. Zingatieni hilo. Katika miaka ishirini na minane sikuwahi kufanya kazi Alhamisi jioni, kwa sababu saa hizo nilikuwa kwangu, kama kila mwanamke wa mji huu, nafukiza nyumba.

"Hodi!"

"Karibuni, piteni wanangu."

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba. Nshamfukizia ndugu yenu, asiondoke na harufu ya ugonjwa."

Chumba kilikuwa kimejaa moshi mzuri wa udi na ubani. Mimi nilivuta pumzi nikaona raha, maana kwangu nyumba isiyonukia udi ilikuwa nyumba ambayo haijafagiwa. Nikakaa, nikatoa bakuli, nikatoa chupa ya karafuu, nikaanza kuhesabu matone. Salha alikuwa amesimama tu, ameinua uso. Nikafuata macho yake. Chetezo chenye makaa ya udi kilikuwa kidakani. Bi Zuhura hukiweka huko paka wake asikiangushe, na kidaka chenyewe ndicho kile chenye pampu yangu. Moshi ulikuwa ukipanda kutoka kwenye makaa, ukajikunja, ukaingia chini ya pampu.

Salha aliuchomoa mpira majini. Akautikisa ukatoka matone, akanisogezea puani.

Uliponipulizia, ulinipulizia udi.

Nawaambieni ukweli, nilikaa juu ya kofia ya watu bila ya kutazama. Mimi mwenye pua ya paka. Niliinusa sabuni, niliinusa supu ya pweza, na harufu hii ilikuwemo ndani ya kila povu lililopanda katika kila tangi, nayo sikuinusa kwa sababu niliingia nayo katika nguo zangu. Kikulacho ki nguoni mwako. Tumelisema tangu utotoni na mimi sikujua kuwa naambiwa mimi. Salha akaishusha pampu, akaifungua chini. Pamba nyeusi, inanata vidoleni.

"Hii huwa unaibadilisha?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Kila mwaka."

"Na kila mwaka huwa hivi?"

Ushahidi nilikuwa nao mkononi mara moja kwa mwaka, katika nyumba zaidi ya sitini, nikiufuta na kitambaa.

"Kuna nini?" Bi Zuhura akauliza. Alikuwa ametangulia kushika ukingo wa tangi, anamtazama samaki wake.

Na hapo nikafanya la aibu zaidi. "Leo hatumlazi," nikasema. "Tumekumbuka dawa. Tutamjaribu. Ila akiwa kwenye dawa asipate moshi, fukiza chumbani ufunge mlango." Tukaihamisha pampu hadi dirisha la ngazi, tukauvuta mpira mrefu, tukatoa ndoo moja ya maji na kutia ndoo moja mpya ya Bwejuu. Bi Zuhura akatuombea dua ndefu. Nilipokuwa nashuka ngazi, dua ile ilikuwa inanichoma mgongoni.

Njiani Salha akasema, "Dawa gani, Bi?"

"Nyamaza, mwanangu."

"Nnyamaze mpaka lini?"

Wiki sita tulibadilisha maji kidogo kidogo. Wiki ya pili akashuka kutoka juu ya maji. Wiki ya nne akaanza kula uduvi. Wiki ya sita niliingiza mkono kusafisha kioo, akatoka mbio, mwekundu wa chungwa kabisa, akaniuma kidole. Nilipiga kelele za furaha, na Bi Zuhura akapiga vigelegele juu ya mkeka. Furaha yangu ilidumu muda wa kukausha mkono. Maana kama huyu alikuwa mgonjwa wa moshi, na si mzee, basi na yule wa tatu hakuwa mzee. Na wa pili. Na wa kwanza. Usiku huo sikulifungua daftari, nililiogopa. Nililifungua asubuhi. Niliowalaza kwa mkono wangu kwa jina la uzee walikuwa arobaini na mmoja.

Nitawakiri jambo: nilifikiria kukaa kimya. Nilikuwa nimebakiza siku nane kazini. Bi Zuhura ana miaka sabini na tano, na kila Alhamisi alimfukizia samaki wake kwa mapenzi, na nikimwambia, nampa mzigo ambao hakuwa nao. Nilijiambia namhurumia. Lakini Salha ndiye atakayepita kwenye nyumba hizi akiwakataza watu kufukiza. Wangeuliza kwa nini. Angejibu nini, alinde jina langu mpaka azeeke?

Nilikwenda peke yangu, asubuhi, na daftari kwapani. Bi Zuhura alikuwa anashona. Akauliza kwa furaha, "Hebu niambie, Mwanakombo, dawa ile ya nini? Nimsifie kwa wenzangu."

"Haikuwa dawa, Bi. Tuliuondoa udi tu."

Nikamweleza yote: pampu, kidaka, moshi, pamba nyeusi niliyokuwa nikiifuta. Sikumtazama. Sindano yake ilisimama katikati ya tundu la kofia. Bwana Mkubwa alikuwa anazunguka tangini anataka kula, wala hana habari.

"Watatu?" akasema.

"Watatu."

"Kila Alhamisi nkimfukizia."

"Hukujua, Bi. Mimi ndiye niliyeiweka pampu pale."

Akaiweka kofia mapajani. Kisha akauliza lile swali ambalo nilikuwa nimeliomba lisije.

"Yule aliyeruka?"

"Alikuwa na miaka mitatu na miezi miwili," nikasema. "Hakuwa mzee, Bi Zuhura. Alikuwa anataka kutoka."

Aliweka mkono mdomoni, vile vile kama siku ile, na machozi yakampita vidoleni. Nami nililia, mtu mzima, mbele ya samaki. Hakuniambia amenisamehe, na mimi sikuthubutu kumwomba. Baadaye akafuta uso kwa upande wa kanga, akanyosha kidole kwenye daftari.

"Hilo umelileta la nini?"

"Nnasahihisha. Nafuta pale nilipoandika uzee."

"Na unaandika nini?"

Nikamwonyesha. Nilikuwa nimeshaanza ukurasa wake: kwenye sababu ya kifo cha wa kwanza nilifuta neno la zamani, nikaandika *mimi*. Bi Zuhura alivaa miwani yake ya kushonea, akalitazama neno lile kwa karibu sana.

"Futa," akasema. "Andika sisi."

Nikaandika, mara tatu. Salha analo daftari sasa. Ukurasa wa Kiponda msiuchane.